Thibitisha kwamba ulisikilizwa

Mwaka 2015 mwandishi wa habari wa Afrika Kusini anaitwa Sam Sole aliyakuta maneno yake mwenyewe ndani ya makaratasi ya mahakama. Yalikuwa maongezi yake ya simu na mwendesha mashtaka mmoja aliyekuwa kwenye kesi ya Jacob Zuma, yamechapwa na kuambatanishwa kwenye kiapo kama kielelezo kingine chochote. Sole alikuwa ameshahisi tangu 2008 kwamba simu yake inasikilizwa, akaenda kulalamika kwenye ofisi inayosimamia vyombo vya usalama kule kwao, akajibiwa kwamba hakuna kosa lililoonekana na kwamba sheria hairuhusu aambiwe kama alisikilizwa au hakusikilizwa. Akarudi nyumbani na wasiwasi wake. Ushahidi ndio anakuja kuuona miaka saba baadaye, na hakuna aliyempa kwa hisani, ni wakubwa waliokuwa wanavutana kwenye kesi nyingine kabisa ndio waliouweka hadharani wenyewe.

Nimeanza na huyu bwana kwa sababu nimekuwa nikifuatilia kesi za faragha za kwetu na za wenzetu kwa muda sasa, na kila nikisoma hukumu najikuta narudi palepale. Watu wengi wanadhani kesi hizi zinakufa kwa sababu majaji wanaiogopa serikali au kwa sababu katiba zetu ni mbovu. Hayo yapo, sikatai. Ila nyingi zinakufa mapema kuliko hapo, zinakufa mlangoni, kwa swali moja tu la thibitisha kwamba ulisikilizwa. Na mimi naliona hilo swali ni dhuluma kubwa kuliko hata sheria yenyewe inayolalamikiwa.

Hebu fikiria. Ukiibiwa mbuzi unalikuta banda liko wazi. Ukipigwa una alama mwilini, unaenda kituoni unapewa PF3, unaenda hospitali daktari anaijaza, ukifika mahakamani una karatasi mkononi. Sasa mtu akisikiliza simu yako, au akavuta orodha ya namba zote ulizopiga miezi sita iliyopita pamoja na minara yote uliyopita karibu nayo, wewe unaona nini? Huoni kitu. Bando haliishi haraka, simu haichemki, na ule mlio ambao watu wanasema ukiusikia ujue unarekodiwa ni stori za vijiweni tu, kazi hii siku hizi inafanyikia kwenye mitambo ya kampuni ya simu, mbali kabisa na hicho kifaa ulichokishika. Aliyefanya kafanya kwa siri, kampuni imefungwa mdomo, alafu mahakama inakugeukia wewe ambaye hujaona chochote inakwambia leta ushahidi.

Hata Wamarekani na katiba yao ya zaidi ya miaka 200 walikwama hapohapo. Februari 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa kesi ambayo Amnesty International pamoja na mawakili na waandishi wa habari walikuwa wamemshtaki James Clapper, aliyekuwa mkuu wa idara zote za ujasusi. Majaji watano dhidi ya wanne. Wakasema hofu ya walalamikaji ni ya kukisia, hakuna hata mmoja aliyeonyesha kwamba mawasiliano yake yamenaswa kweli. Haijaisha miezi minne, Juni mwaka huohuo, Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi ya kandarasi kwenye ujasusi wa Marekani, akatoa nyaraka, na ya kwanza kuchapishwa ilikuwa amri ya mahakama ya siri inayoitaka kampuni ya Verizon ikabidhi kumbukumbu za simu za wateja wake kila siku. ACLU, shirika la kutetea haki za raia kulekule, lilikuwa mteja wa Verizon. Wakaenda mahakamani na ile amri mkononi, na Mei 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ikasema mpango ule wa kuzoa kumbukumbu za simu za kila mtu umevuka kile ambacho sheria iliruhusu. Nchi ileile na katiba ileile, kilichotofautisha 2013 na 2015 ni kijana mmoja kuvujisha karatasi na kwenda kuishi uhamishoni Urusi. Haki ya mamilioni ya watu ilisubiri mtu mmoja ajitoe mhanga, na sidhani kama kuna mtu anaweza kuuita huo ni utaratibu.

Urusi kwenyewe kulikuwa na Roman Zakharov, mhariri wa St. Petersburg, aliyezishtaki kampuni tatu za simu mwaka 2003 kwa kufunga mitambo inayowapa wanausalama njia ya kuingia kwenye mawasiliano moja kwa moja bila kumuuliza mtu. Mahakama za kwao zikamwambia wimbo uleule, hujathibitisha kwamba simu yako ilisikilizwa. Akaenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na Desemba 2015 majaji wakampa haki bila hata hiyo karatasi ya uthibitisho, kwa hoja ambayo natamani kila wakili wa Afrika Mashariki aikariri: kama sheria inaweza kumgusa mtumiaji yeyote wa simu, na kama nchini hakuna njia ya kweli ya mtu kujua na kulalamika, basi kuwepo tu kwa sheria hiyo kunatosha mtu kuipinga. Yaani mahakama ilielewa kwamba siri ikishakuwa sehemu ya kosa huwezi kumtaka mtu alete kilekile kilichofichwa.

Sasa turudi nyumbani. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake na unyumba wake, na pia heshima na hifadhi ya maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Soma taratibu. Mawasiliano yamewekwa sentensi moja na unyumba, na haki hizi ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984, hakuna mtu aliyekuwa na simu mfukoni. Alafu nenda Ibara ya 30(3), inamruhusu mtu kufungua shauri Mahakama Kuu kama sharti linalohusu haki yake limevunjwa, linavunjwa au inaelekea litavunjwa. Haya maneno matatu ya mwisho mimi nayapenda sana, kwa sababu maana yake ni kwamba huhitaji kusubiri uumie. Ukiona moshi unaruhusiwa kupiga kelele.

Lakini Juni 2020 Bunge likapitisha marekebisho kwenye Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, kwamba anayetaka kufungua kesi ya kikatiba aambatanishe kiapo kinachoonyesha ni kwa kiasi gani uvunjaji anaoulalamikia umemgusa yeye binafsi. Yeye binafsi. Wengi wakati ule walilitazama jambo hili kama njia ya kuwazuia wanaharakati wasifungue kesi kwa niaba ya watu, na ni kweli ilikuwa hivyo, ila kwenye kesi za faragha lilikuwa zito zaidi maana huyo aliyeguswa binafsi hajui kama ameguswa. Mzazi ambaye mtoto wake kafukuzwa shule anaweza kuapa. Mtu aliyefuatiliwa kimyakimya ataapa nini? Onesmo Olengurumwa wa Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu akayapinga marekebisho hayo, Mahakama Kuu akashindwa, akakata rufaa, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikasema vifungu vile vinakinzana na Katiba. Miaka mitano mlango ulikuwa umefungwa. Nilifurahi sana siku ile nasema kweli, nikapiga simu kwa rafiki yangu wakili saa nne usiku, lakini kufunguliwa kwa mlango bado hakujajibu lile swali la ushahidi litakalokusubiri ndani.

Kenya wao mlango uko wazi siku zote. Katiba yao ya 2010 Ibara ya 31 imetaja faragha ya mawasiliano kwa jina, na Ibara ya 22 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani hata kama haki inatishiwa tu. Na bado angalia kilichotokea. Mapema 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliziandikia kampuni za simu ziunganishe mitambo yao na mfumo unaoitwa DMS, ikieleza kwamba shabaha ni kuzikamata simu feki. Okiya Omtatah, ambaye leo ni seneta wa Busia, akaenda mahakamani akisema mfumo huo utaipa serikali kidirisha cha kuchungulia mawasiliano ya watu. Aprili 2018 Jaji John Mativo akakubaliana naye, akauzuia. Aprili 2020 Mahakama ya Rufani ikabatilisha, ikaona hofu ile haijathibitishwa na mchakato wa mashauriano uachwe uendelee. Chama cha Wanasheria cha Kenya kikapanda mpaka Mahakama ya Juu, nako mwaka 2023 rufaa ikatupwa.

Hebu tulia hapo kwenye hoja ya simu feki. Kenya ilishazima simu feki karibu milioni 1.9 mwaka 2012, bila mfumo wowote wa kuchomekwa ndani ya mitambo ya kampuni. Kazi ilifanyika. Kwa hiyo swali la kuuliza kwenye kesi lilikuwa ni kwa nini sasa hivi njia ya zamani haitoshi, na anayetakiwa kulijibu swali hilo ni Mamlaka, maana yeye ndiye anayejua mfumo wake unaona nini na hauoni nini. Omtatah angethibitisha vipi uwezo wa mtambo ambao hajawahi hata kuruhusiwa kuusogelea? Mwishoni mwa 2024 likaja tena, safari hii tangazo la watu kutoa namba ya IMEI, ile namba ya utambulisho ya kila simu, kwa ajili ya kodi, Katiba Institute wakaenda mahakamani na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikaliweka pembeni. Unaona jinsi suala lilelile linavyorudi limevaa nguo nyingine.

Kwetu Tanzania nako kuna jambo ambalo watu hawalizungumzi inavyotakiwa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 inamtaka polisi anayetaka kunasa mawasiliano aende mahakamani aombe amri, na kabla ya hapo awe na kibali cha Mwanasheria Mkuu. Ugaidi huo, kosa zito kuliko yote, na bado kuna hakimu wa kupitia. Alafu njoo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32, kinampa mkuu wa kituo cha polisi au ofisa wa cheo kinacholingana naye uwezo wa kumwamuru mtu yeyote mwenye data aikabidhi kwa ajili ya upelelezi. Mkuu wa kituo. Hakuna hakimu hapo katikati. Kwa hiyo anayeshukiwa kutaka kulipua jengo ana ulinzi mkubwa wa mahakama kuliko mtu aliyeandika mtandaoni kwamba kuna mkataba umenuka.

Jamii Media, wenye mtandao wa JamiiForums, walikipinga kifungu hicho 2016, baada ya polisi kuwa wanawaandikia barua moja baada ya nyingine wakitaka majina ya watu walioandika tuhuma kuhusu kampuni fulani fulani. Machi 2017 Mahakama Kuu haikukubali hoja yao kuhusu kifungu cha 32, na hata kabla hukumu haijatoka, tarehe 13 Desemba 2016, mkurugenzi wao Maxence Melo alishakamatwa Dar es Salaam. Kesi tatu. Ya mwisho iliamuliwa Novemba 2020, karibu miaka minne ya kwenda na kurudi mahakama ya Kisutu kwa sababu ya kukataa kutaja watu. Mimi namheshimu sana kwa hilo, na sisemi kwa ushabiki, kuna watu leo wako kazini kwao wametulia na hawajui kwamba majina yao yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyeamua kulala mahabusu kuliko kuyatoa. Ila jiulize, kampuni ngapi zilipokea barua ya aina ileile zikatoa siku hiyohiyo? Mwaka 2014 Vodafone walichapisha ripoti ya maombi wanayopata kutoka serikali za nchi wanazofanyia biashara, na Tanzania ilikuwa na maombi 98,765 ya taarifa za wateja kwa mwaka mmoja tu. Karibu laki moja, mtandao mmoja. Mimi sijawahi kukutana na mtu aliyeambiwa kwamba alikuwa mmojawapo.

Naomba nieleze kitu cha nyumbani kwetu hapa, maana hii habari ya thibitisha mimi nimeiona kwa macho kabla sijaisoma kwenye hukumu. Januari 2020, ule mwezi wa kuhangaika kusajili laini kwa alama za vidole kabla hazijazimwa, mama yangu alikaa kwenye jua tangu asubuhi kusubiri wakala mwenye mwamvuli pale stendi. Mama ni mkulima, vidole vyake vimelainishwa na mpini wa jembe, mistari haionekani vizuri. Kile kimashine cheusi kikawa kinagoma. Kijana akawa anamwambia mama bonyeza tena, haijashika, anakifuta kwa pindo la fulana, bonyeza tena, dole gumba, cha shahada, gumba tena. Mama akawa anapangusa kidole kwenye khanga kabla ya kila mara, kwa heshima kabisa, kama vile kosa ni lake. Mwisho kijana akasema tayari mama, imekubali.

Mwaka uliofuata nilipokwenda likizo nikamfundisha kupiga *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Zikaja namba mbili. Moja yake. Ya pili hakuijua, akaniuliza hii ya nani mwanangu. Tukaenda kwenye duka la hiyo kampuni ya simu mjini, nauli yake na yangu, dada wa kaunta akaangalia kwenye skrini akasema mfumo unaonyesha alama ni yako mama, una uthibitisho gani kwamba si wewe uliyesajili? Mama akanyoosha mikono yote miwili juu ya kaunta, viganja vikiangalia juu, akanyamaza. Hakuwa na kingine cha kuonyesha. Tukaambiwa tulete barua ya mtendaji, tukaleta, wiki mbili baadaye ile laini ikafungwa. Nikauliza ilikuwa inatumika wapi, imempigia nani, imepokea pesa za nani, maana kama ni ya wale wa tuma kwenye namba hii basi jina la mama yangu ndilo lililokuwa linatokea kwenye simu za walioibiwa. Nikajibiwa taarifa za mteja ni siri. Mteja kwa mujibu wa mfumo wao alikuwa ni huyuhuyu mama aliyesimama mbele yao.

Ndio maana nikisikia mtu anasema kama huna cha kuficha unaogopa nini, namwambia mama yangu hana cha kuficha. Hana. Na bado kwa muda wote ule kama angetafutwa kwa kosa la ile laini angetakiwa yeye ndiye athibitishe.

Sasa panda juu kidogo uone swali hilohilo likimfika mtu mkubwa. Tarehe 7 Septemba 2017 mchana, Tundu Lissu, wakati huo mbunge na rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Dodoma. Miaka saba ikapita bila mtu kushtakiwa. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza likaandika kuhusu kesi ya mambo ya ajira iliyokuwa London, ambako aliyekuwa mpelelezi wa ndani wa Millicom, kampuni iliyomiliki Tigo Tanzania wakati huo, alidai kwamba katika wiki za kabla ya shambulio taarifa za simu za Lissu na mahali alipo zilikuwa zinapelekwa serikalini, na kwamba yeye aliachishwa kazi kwa sababu ya kulivalia njuga jambo hilo. Ni madai, yaliyotolewa na upande mmoja wa kesi, na ninayaandika kama madai. Ila angalia njia yaliyopitia. Lissu ni wakili, anajua sheria, ana watu, na alichokuwa anahitaji kukijua kuhusu simu yake mwenyewe kilikuja kujitokeza London, kwenye ugomvi wa mfanyakazi na mwajiri wake, kesi ambayo yeye hahusiki nayo. Kama Sam Sole vile. Kama wale wa ACLU. Je mwalimu wa kawaida tu wa Nanyumbu, au mama wa stendi, nani atamvujishia?

Mtu atasema sasa hivi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Kweli ipo, na mimi siibezi, ni hatua. Lakini hata yenyewe ilibidi ipelekwe mahakamani. Tito Magoti, wakili ambaye mwenyewe alikamatwa Desemba 2019 akakaa rumande zaidi ya mwaka, aliipinga, na Mei 2024 Mahakama Kuu ikakubaliana naye kwenye baadhi ya vifungu vya 22 na 23 kwamba vimeandikwa kwa maneno mapana yasiyoeleweka mipaka, ikaipa serikali mwaka mmoja irekebishe. Hoja zake nyingine hazikupita. Kilichonivutia ni kwamba Magoti hakwenda kuthibitisha kwamba kuna siku fulani taarifa zake zilichukuliwa na mtu fulani. Alikwenda na maandishi ya sheria, akaiambia mahakama someni hapa, mtu yeyote akishikwa na kifungu hiki atajikinga vipi? Na hapo akapata. Nadhani kuna njia hapo. Ukiishambulia sheria kwa jinsi ilivyoandikwa, unalikwepa lile swali la mlangoni.

Lakini kuna swali ambalo kuandika vizuri hakutalimaliza, nalo ni la haki ya kuambiwa. Afrika Kusini, baada ya Sole na wenzake wa amaBhungane, kituo chao cha uandishi wa habari za uchunguzi, kupata ule ushahidi wa bahati, waliishtaki sheria ya kunasa mawasiliano ya 2002, ile inayojulikana kama RICA. Mahakama ya Katiba ikatoa hukumu Februari 2021. Walichokishinda ni kingi, mpaka ule mtambo wa serikali wa kuzoa mawasiliano kwa jumla ukaonekana hauna sheria yoyote inayouruhusu, lakini mimi nataka hiki kimoja: mahakama ilisema haiwezekani mtu asikilizwe alafu asije akajua maisha yake yote. Ikaelekeza kwamba wakati Bunge linarekebisha sheria, aliyesikilizwa aarifiwe ndani ya siku 90 baada ya muda wa amri ya kumsikiliza kwisha, na kama kumwambia kutaharibu upelelezi basi waende kwa jaji waombe kuahirisha. Kwa jaji, na sababu waziseme.

Najua hoja ya upande wa pili na sio ya kijinga. Watu waliouawa Kibiti na Rufiji walikuwa na familia, matapeli wa simu wanawamaliza wazee vijijini, na polisi wanahitaji kufuata namba ili wamkamate mtu. Hata mimi nilitaka ile laini ya pili ya mama ifuatiliwe. Ila hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoharibika kwa polisi kupitia kwa hakimu kabla, wala kwa mtu kuambiwa baada ya upelelezi kwisha. Mshukiwa wa kweli akishakamatwa anajua tayari. Anayebaki gizani ni yule aliyechunguzwa akakutwa hana kosa, na huyo ndiye mwenye haki ya kulalamika kuliko wote, na ndiye pekee ambaye hatakaa ajue.

Kwa hiyo wakili atakayeandaa shauri linalofuata hapa kwetu, namwomba asiishie kuomba kifungu cha 32 kifutwe kama ilivyoombwa 2016. Aombe amri kwamba kila taarifa inayochukuliwa kwa kifungu hicho iandikwe kwenye rejista, iliombwa na kituo gani, kwa kosa gani, siku gani, na mwenye namba apelekewe barua upelelezi ukishafungwa. Aanzie Ibara ya 16, apite 30(3) kwenye yale maneno ya inaelekea litavunjwa, na amwekee jaji mezani hukumu ya Zakharov pamoja na ya amaBhungane. Upande wa serikali utasimama kusema mwombaji hajaonyesha kwamba ameguswa, na wakili ajibu kwamba ndicho hasa alichokuja kuomba, apewe karatasi ya kuonyesha.